Picha Isiyokatwa

Ndugu, jamaa na majirani, ahsanteni kwa kuja kumsindikiza baba yetu, mpiga picha mliyemzoea kwa jina la Kamili. Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1951, nyuma ya stesheni ya reli, mtoto wa kati katika wavulana watatu.

Alianza shule mwaka 1958. Hesabu zilimpiga chenga, lakini mwalimu wa sayansi alimwachia kamera ya shule, na kuanzia hapo kamera haikumtoka mkononi.

Mwaka 1973 aliajiriwa na shirika lililouzia magazeti picha. Kwenye mikutano ya siasa, chama chochote kile, alipanda juu ya paa au tangi la maji ili uwanja wote uingie pichani. Mhariri mmoja alimwambia, "Tuletee palipojaa tu, nafasi yetu ndogo." Akajibu, "Basi punguzeni matangazo." Ndipo wakamwita Kamili.

Mama yetu, fundi cherehani, alimjia kupigwa picha ya kitambulisho. Marehemu alimwambia filamu imeungua, arudi kesho. Haikuwa imeungua. Ni uongo pekee tunaomjua nao, na tunaushukuru, maana walioana mwaka 1978.

Mwaka 2010 magazeti mawili yalichapisha picha yake moja ya mkutano. La kwanza lilibakiza upande uliojaa watu, la pili upande mtupu. Baba mkubwa, seremala, alikuja kwetu na la kwanza; baba mdogo, dereva wa lori, na la pili.

"Uwanja ulifurika!"

"Ulifurika nini, vumbi?"

Marehemu aliwaletea picha nzima. Wote wawili wakamwambia amenunuliwa, na kuanzia siku ile hawakuamkiana, kila mmoja na gazeti lake, redio yake na hasira zake. Ilimuuma sana. "Picha ni yangu," alikuwa akisema, "na ndiyo imewagombanisha ndugu zangu."

Mwaka 2019 kisukari kilimpofusha. Aliwaita wote wawili wamsomee habari. Baba mkubwa alipofungua gazeti lake, marehemu alimzuia: "Hilo mpe mdogo wako. Wewe nisomee la kwake."

Mgonjwa hakataliwi. Walisoma wamenuna, wakiguna kila mstari, naye akiwaambia, "Soma tu, maoni yako sijayaagiza." Siku moja baba mdogo alichelewa, na baba mkubwa akauliza, "Huyu dereva yuko wapi? Leo nitabishana na nani?" Hadi leo hawapigii kura chama kimoja, lakini wanakula sahani moja.

Alifariki nyumbani tarehe 3 Juni 2024 asubuhi, ndugu zake wakiwa kando ya kitanda chake, baba mdogo akimsomea habari za michezo.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu saba, kaka na mdogo wake. Mmeona jalada la kijitabu hiki cha mazishi lina picha ya watu watatu. Mchapaji alitaka kuwaondoa wawili abaki marehemu peke yake. Baba mkubwa na baba mdogo walimjibu kwa pamoja, "Usimkate mtu hapo."

Apumzike kwa amani baba yetu, katikati ya ndugu zake.