Plastiki ya Kulalia

Gari la Masasi lilikuwa halijamaliza mteremko wa Newala, lakini Mujibu, aliyekaa siti ya mbele ya wanawake wawili asiowafahamu, alishaujua ugonjwa wote wa mmoja wao, aliyejiita Mama Zuhra.

"Nimekunywa dawa ya minyoo mpaka basi, maana kila mtu anasema anayesaga meno usiku ana minyoo," Mama Zuhra alimweleza mwenzake, mama mtu mzima waliyekutana humo humo garini. "Kumbe ni kiungo cha taya. Daktari wa meno kanitengenezea plastiki ya kulalia, ya kufunika meno yasisagane."

"Inasaidia?"

"Mume wangu aliposafiri nililala nayo, nikaamka taya limelegea, kichwa chepesi. Sasa karudi, naivaa mchana shambani."

"Mwanangu! Unasaga usiku, unavaa mchana?"

"Ataniona kibogoyo, mama. Na nikiongea nayo, mate yananitoka."

"Mwambie."

"Akicheka je?"

Mujibu, aliyekuwa anacheka kimoyomoyo, akaacha. Mkewe, aliyemwacha nyumbani Newala, naye alikwenda hospitali mwezi uliopita, kung'oa jino, alisema. Tangu hapo akipanda kitandani anageukia ukutani, na akisemeshwa anaitikia "mmh" tu. Mujibu alikuwa ameamua kwamba amenuna, naye akanuna. Alijigeuza kwenye siti, akajigeuza tena, mpaka jirani yake akamuuliza kama ana jipu.

Gari liliposimama stendi ya Masasi, wanawake wale walishuka wakiendelea kubishana. Mujibu, ambaye hata shughuli iliyomleta ilikuwa imemtoka kichwani, akamshika kondakta mkono.

"La kurudi Newala linaondoka saa ngapi?"