Hodi ya Futikamba

Kosta ilikuwa imeshaanza kuondoka Mwanaheri alipotoa mkono dirishani akamrushia babu yake ndala ya kushoto. "Babu, umeisahau chini ya kiti!" Mzee Mwinshehe akaivaa, akapunga mkono mpaka gari lilipokata kona likiwa na wanawe, wakwe na wajukuu, wote wakirudi makwao baada ya siku tano za Bagamoyo. Kutoka pale barabarani mpaka mlangoni kwake ni mita themanini na nne. Aliwahi kuzipima, maana kabla ya kustaafu alikuwa mpima ardhi. Lakini hakuelekea nyumbani. Kurudi kutoka sokoni alikwishazoea, tangu mkewe Mwanahawa alipofariki miezi saba iliyopita. Kurudi kutoka safari, bado. Miaka thelathini na minane alirudi safari kwa namna moja tu: anasimama mlangoni, anapiga hodi, Mwanahawa anaitikia. Basi akabeba begi lake mpaka kijiweni, kwenye benchi mbele ya karakana ya baiskeli hapo Mafiga, mjini Morogoro, ambako kahawa ya saa kumi ilikuwa inachemka na ambako jina lake ni Futikamba.

Wa kwanza kumpisha alikuwa fundi mwenyewe, Rogers, wanayemwita Spoku.

— Futikamba huyo! Shikamoo, mzee. Pole na safari.

— Marahaba. Nimeshapoa.

— Bahari imekuchoma, mzee. Umekuwa kama birika la Pazi.

— Birika langu usilitie kwenye mambo yenu — akasema Pazi, muuza kahawa, akimmiminia kikombe.

Luqmani, aliyekuwa gadi wa treni na sasa ni Filimbi, akasogea karibu.

— Tupe ripoti. Mlikwenda wangapi?

— Ishirini na mmoja. Vyumba sita.

— Uliogelea?

— Niliingia mpaka magotini.

— Magotini! Unasafiri kilometa karibu mia mbili kwenda kulowesha magoti? Mto Morogoro umekukosea nini?

— Mwache — akasema Pazi. — Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake.

— Si ndiyo hayo aliyoyafika?

— Kayafika magotini. Hapo juu hajui.

Hata Mwinshehe akacheka. Kando ya benchi alikuwa ameketi mtu asiyemfahamu, na kapu la karanga miguuni. Oscar, wakamwambia, kahamia juzi kutoka Gairo. Hajapewa jina bado.

— Na ng'onda wetu, wale samaki wakavu? — akauliza Rogers.

— Wamo begini.

Pazi akalitazama begi, akamtazama mwenye begi.

— Kwani hujafika nyumbani?

— Bado.

Wote wakanywa kahawa kwa pamoja. Walikuwa wamebeba jeneza la Mwanahawa, wote watatu. Filimbi ndiye aliyewahi kuweka kikombe chini.

— Na amefanya vizuri! Mtu aliyetoka baharini hafungui mlango hivihivi. Lazima apige hodi.

— Hodi kwake mwenyewe?

— Spoku, treni ikikaribia stesheni haipigi honi? Na stesheni ni ya kwao!

— Inapiga honi kwa sababu ya mbuzi, mzee wangu.

— Nyumba ni kiumbe — akasema Pazi. — Ikikaa siku tano bila mtu inasahau sauti yako. Ndiyo maana vitasa vinagoma.

— Vitasa vinagoma kwa kutu. Grisi ninayo hapa.

— Grisi! Shemeji yangu alirudi kutoka Tanga, akaingia kwake bila hodi, na chumvi ya bahari ikaingia naye. Mpaka leo nyumba ile ina mawimbi. Akilala, kitanda kinayumba.

— Kitanda kinayumba kwa gongo!

— Nyinyi hamjui kitu — akasema Filimbi. — Bibi yangu kule Kinole alikuwa anapiga hodi hata kwenye migomba. Asipopiga, ndizi zinajificha. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Sasa Futikamba ndiye mgeni, ndiye mwenyeji. Anajiponya mwenyewe, hospitali haihusiki.

— Basi apige ngapi?

— Tatu. Hodi ni tatu, hiyo ni adabu toka enzi. Ukipiga tatu usiitikiwe, huingii. Unageuka, unarudi ulikotoka.

— Arudi Bagamoyo?

— Kosta si imeondoka sasa hivi? Tuikimbilie na baiskeli!

Wakacheka mpaka Pazi akamwaga kahawa kwenye kashata. Mwinshehe alicheka nao. Alijua wanachofanya, na alishukuru.

Oscar alikuwa akisikiliza kwa makini, kama mtu anayejifunza desturi za mji mpya. Akainua mkono kidogo.

— Samahani, wazee, mimi mgeni. Hizo hodi tatu, ndani ataitikia nani?

Spoku akageukia gurudumu lililokuwa limening'inia, akalizungusha. Filimbi akaanza kuokota makombo ya kashata. Pazi akainamisha birika, yakatoka machicha ya kahawa.

— Hakuna — akasema Mwinshehe. — Mke wangu amefariki.

— Pole sana, mzee. Sikujua.

— Umeuliza vizuri.

Usiku ule alilala kwa Filimbi, ambaye hukoroma kama treni ya mizigo ikipanda Kilosa.

Saa kumi na mbili asubuhi alikuwa mlangoni kwake. Hakupiga hodi. Alizungusha ufunguo mara mbili, akaingia, akafungua madirisha yote manne, akaanika nguo zilizonuka bahari. Kisha akachota maji akapiga deki, kuanzia chumbani mpaka ukumbini, akirudi nyuma hatua kwa hatua.

Alikuwa amebakiza kizingiti sauti iliposikika nje.

— Hodi!

Mwinshehe akasimama na dekio mkononi. Masikio yake yakaelekea jikoni, Mwanahawa alikokuwa akiitikia, kama yalivyozoea.

— Hodi, wenyewe! Ni Oscar, wa karanga!

Hiyo ilikuwa ya pili. Nje miguu ilikwaruza changarawe. Mtu alikuwa anavuta pumzi ya hodi ya tatu, na baada ya hapo angegeuka.

— Karibu! — Mwinshehe akaita, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. — Karibu, pita ndani! Lakini viatu acha hapo nje, nimepiga deki.