Mlango Aliofungiwa Mwalimu Odile

Marehemu Odile Marie Theriault Pinette alizaliwa tarehe 9 Februari 1949 hapa Allard Mills, kaskazini mwa jimbo la Maine, Marekani, katika nyumba ya mbao ya Mtaa wa Kiwandani, akiwa mtoto wa nne kati ya sita wa Théodule na Rose Theriault. Baba yake alikuwa mtu wa mashine namba tatu katika kiwanda cha karatasi. Mama yake alikuwa mama wa watu sita, na hiyo ni kazi isiyo na zamu.

Mwaka 1955 alianza masomo katika shule ya mji, ambako Kifaransa chetu kilikuwa marufuku. Siku moja, akiwa na umri wa miaka sita, aliomba ruhusa ya kwenda chooni kwa lugha pekee aliyoijua. Mwalimu alimsimamisha pembeni hadi akajikojolea mbele ya darasa zima. Familia iliona aibu na ikanyamaza miaka mingi. Leo habari hiyo inasemwa hadharani, kwa sababu aibu ile haikuwa yake.

Jioni, baba yake, ambaye hakujua kusoma Kiingereza, alikuwa akisukuma sahani kando na kumwambia, “Haya, binti, umelishwa nini leo huko shuleni? Nigawie na mimi.” Odile alimgawia kila siku. Alimgawia wafalme, mito na vita, na baba akauliza maswali ambayo walimu hawakuwahi kuyauliza. Alimaliza sekondari mwaka 1967, akasoma historia katika chuo kikuu cha jimbo, na mwaka 1978 akapata shahada ya uzamivu huko Boston. Angeweza kubaki huko. Alirudi.

Mwaka 1979 aliajiriwa katika chuo cha kilimani, ambako watu wa mji walikuwa wakipanda kwenda kwa kazi mbili tu: kufagia na kupika. Jambo hilo lilimkera. Mwezi Oktoba 1983 alishikana mikono na wahadhiri wenzake wa falsafa, historia na fasihi, wakaanzisha Mihadhara ya Alhamisi katika ukumbi wa chuo, saa kumi na mbili na nusu jioni, kwa mtu yeyote, bila mtihani na bila kiingilio. Siku ya kwanza walikuja tisa, wanne wakiwa ndugu zake walioburutwa. Kabla ya mwaka kwisha viti havikutosha.

Wengi wenu mnakumbuka mhadhara wa yule mwanafalsafa wa kale aliyehukumiwa kunywa sumu. Roméo Cyr, wakati huo fundi wa mashine mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja, alinyoosha mkono uliokuwa bado na grisi. “Mwalimu, huyo mzee kosa lake hakujiunga na chama cha wafanyakazi. Angekuwa wetu, nani angemgusa?” Ukumbi ulivunjika kwa kicheko. Odile hakucheka. Aliliandika swali lile, na kwa miaka mingi akawatungia mtihani wanafunzi wake wa shahada kutokana nalo. Nusu yao walishindwa kulijibu.

Tarehe 20 Juni 1981 alifunga ndoa na Normand Pinette, mwendesha mashine kiwandani, wakajaliwa watoto wawili, Céleste na Gilbert. Normand hakukosa mhadhara hata mmoja, na alilala katika mingi.

“Normand, umenikoromea tena.”

“Sikukoroma, mke wangu. Nilikuwa natafakari kwa sauti.”

Kiwanda kilipofungwa mwaka 2008, Normand hakudumu. Moyo wake ulisimama mwezi Machi 2009. Odile alimzika mwezi Mei, barafu ilipoyeyuka ardhini, na Alhamisi iliyofuata alikuwa jukwaani. Mji ulikuwa umepoteza kazi, na watu walikuja kwa wingi kuliko wakati wowote, maana hapo palikuwa mahali pekee walipoulizwa wanafikiri nini.

Ndipo akaja mkuu mpya wa chuo. Jina lake halimo katika karatasi hii. Nafasi ya humu ni ya waliompenda marehemu. Mwezi Septemba 2017 alimwita Odile ofisini, na mazungumzo yao aliyasimulia jioni ileile kwa mdogo wake Yvette, anayewasomea haya.

“Profesa, tuwe wakweli. Watu wale wanahitaji ufundi. Historia haiwalishi.”

“Umewauliza?”

“Takwimu zinaonyesha.”

“Takwimu hazijawahi kukaa kwenye viti vya mihadhara yangu. Roméo Cyr amekaa miaka thelathini na nne. Shuka kilimani ukamuulize.”

Hakushuka. Aliandika barua kwamba mihadhara imesitishwa “kwa kukosa mwitikio wa jamii.” Alhamisi, tarehe 12 Oktoba, mwitikio wa jamii ulisimama mbele ya mlango uliofungwa kwa kufuli, watu sabini na mmoja, mvua ya barafu ikiwapiga. Mlinzi alikuwa Réal Bouchard, ambaye mama yake mzazi alikuwa katika msururu ule.

“Mwalimu, nisamehe. Nimeagizwa.”

“Najua, mwanangu. Wewe umeagizwa, na mimi nina mhadhara.”

Alipanda ngazi akaanza kusema palepale. Karatasi zake zilipoanza kulowa asiweze kuzisoma, Réal alimfunika kwa koti lake la kazi na kummulikia kwa tochi ya chuo hadi neno la mwisho. Wiki iliyofuata Réal alifukuzwa kazi. Hili nalo liandikwe, maana barua zao hazikuliandika. Mwaka uliofuata walimstaafisha Odile kwa keki na saa ya ukutani. Keki aliwapa wapishi. Saa aliiacha mezani.

Mihadhara ilihamia ukumbi ulio chini ya kanisa hili la parokia, kwenye meza ambazo waumini hulia maharage pamoja kila Jumamosi. Haikukatika ila wakati wa korona, na hata wakati huo alisoma kwa simu.

Mwezi Septemba 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Aliuliza swali moja tu, kama atafika Krismasi. Alifika, akapitiliza, na tarehe 11 Januari 2024 alitoa mhadhara wake wa mwisho akiwa ameketi, kwa Kifaransa, mwanzo hadi mwisho. Siku zake za mwisho Padre Lucien alimsihi amsamehe mkuu wa chuo.

“Ameomba msamaha, Padre?”

“Hapana, Odile.”

“Basi nimpeje kitu ambacho hajakiomba?”

Alifariki nyumbani Ijumaa, tarehe 2 Februari 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa Céleste. Hakusamehe, na familia haitamsemea uongo mbele ya jeneza. Tumengoja miezi mitatu ardhi iliyoganda kwa barafu ilainike ili tumzike. Katika miezi hiyo chuo kilitoa tangazo la kujisifia “mihadhara yetu maarufu,” kikataka kuupa ule ukumbi jina lake, kisha kikapiga simu kuomba dakika tano za kusema hapa leo.

“Mlikuwa na miaka sita ya kusema,” Yvette aliwajibu. “Mkitaka, njooni mkae msikilize, kama watu wengine.”

Wamekuja. Wamekaa safu ya nyuma. Karibuni.

Marehemu ameacha watoto wawili, Céleste na Gilbert. Wajukuu watatu, Noémie, Luc na Anselme. Ndugu zake Yvette na Armand. Réal Bouchard, aliyempenda kama mtoto wake wa kumzaa. Na watu wa Alhamisi, ambao hatukuweza kuwaandika wote. Mhadhara ujao ni tarehe 16 Mei, saa kumi na mbili na nusu jioni, chini ya kanisa. Atakayesema ni Roméo Cyr, aliyeishia darasa la nane. Mada yake ni mgomo wa kiwandani, aliousoma miaka miwili akiongozwa na marehemu.

Mungu amlaze Odile mahali pema, karibu na Normand, akoromewe milele. Na waliofunga mlango hatuwaombei mabaya. Tunawaombea tu wakose usingizi.