Vitambaa Vyeupe vya Dada Yetu, Mpima Hewa

Ndugu waombolezaji, nimesimama hapa kwa niaba ya familia, mimi mdogo wake wa mwisho, ambaye maisha yangu yote kila aliponituma nililalamika kwanza ndipo nikaenda, na leo tu nimekubali mara moja.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, masika yakinyesha, katika nyumba ya chini kabisa ya mji huu, hapa shimoni ambapo milima imetuzunguka pande zote, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa mama mshonaji na baba seremala. Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, mwaka 1959 hadi 1965, na kila kipupwe alikohoa kama wenzake wote, kwa kuwa siku hizo tulidhani kukohoa asubuhi ni sehemu ya masomo. Alimaliza sekondari mwaka 1969, akaenda chuo, na tarehe 3 Januari 1972 akaajiriwa katika kituo kidogo cha hali ya hewa kilicho juu kilimani, akapima mvua, joto na upepo kwa miaka thelathini na tisa, na kumsahihisha kila mtu aliyethubutu kusema leo kuna baridi.

Tarehe 6 Septemba 1975 alifunga ndoa na shemeji yetu, mwoka mikate, ambaye tanuri lake la kuni liko hatua hamsini kutoka shule ile ile, wakajaliwa mtoto wa kiume mwaka 1976, na mabinti mwaka 1979 na 1983. Kitinda mimba huyo alipoanza darasa la kwanza, mwaka 1990, kifua kilimbana mpaka akalazwa mara mbili katika kipupwe kimoja, na mara ya pili tulidhani tumempoteza.

Ndipo dada alipokata shuka jeupe la harusi yake vipande vipande, akawa anatundika kimoja kituoni, kimoja sokoni na kimoja kwenye uzio wa shule, kila siku kwa mwaka mzima, akiandika tarehe pembeni, watu wakamwita Mama Vitambaa. Masika vilikuwa vyeupe kwa kuwa mvua imeisafisha hewa, kiangazi vilipata vumbi jekundu na majivu ya mashamba, lakini wakati wa kipupwe kitambaa cha shuleni kilikuwa cheusi tii huku cha kilimani kikibaki safi, naye akatueleza mpaka tukachoka kwamba hewa ya baridi huteremka usiku kutoka milimani, ikatuama huku chini kama maji kwenye beseni, na moshi wowote wa alfajiri hukaa humo hadi jua lipande.

Lawama aliwatupia madereva wa malori waliokuwa wakiwasha injini mapema karibu na shule, akapigana nao hadi wakahamishiwa barabara ya juu, wakaondoka wakinung'unika, na kitambaa cha kesho yake kikawa cheusi vilevile. Alikinusa. Kilinuka kuni na ganda la mkate. Siku ya nne alikiweka mezani mbele ya mumewe mahali pa sahani, akasema tu, "Baba watoto, ni sisi."

Shemeji alinuna wiki nzima, na alikuwa na haki, kwani mkate wa asubuhi ndio uliokuwa kazi yake na jina lake, lakini tarehe 1 Julai 1991 aliwasha tanuri saa sita mchana badala ya alfajiri, mji ukalazimika kununua jioni mkate wa kesho, wateja wakasema wanauziwa viporo, wengine wakahama, kisha wakarudi mmoja mmoja walipoona watoto wao hawakohoi. Dada aliwafuata madereva kwenye maegesho yao mapya, akamwomba radhi kila mmoja peke yake, na baadhi yao ndio waliobeba jeneza leo. Binti yule hakulazwa tena.

Alistaafu mwaka 2011, vitambaa hakuviacha. Moyo ulianza kumsumbua Oktoba 2022, akatibiwa katika hospitali ya mji wetu, na mwishowe akaomba arudi nyumbani. Tarehe 9 Julai 2024, katikati ya kipupwe, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, saa ambayo zamani hakuna aliyefungua dirisha hapa shimoni, alimwomba kitinda mimba wake afungue, akavuta hewa, akaagiza aletewe kitambaa, akakigeuza pande zote mbili, akasema kina doa moja tu na hilo ni la kunguru, akacheka, akatutoka akiwa na miaka sabini na mitatu. Ameacha mume, watoto watatu na wajukuu saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia akiwafundisha kusoma kipimajoto, majirani waliotufungulia nyumba zao, wenzake wa kituoni, na madereva wetu.

Shemeji, ambaye kwa miaka thelathini na mitatu hakuwahi kugusa kitambaa hata kimoja, kwa kiburi chake cha mwoka mikate, jana alitundika kimoja mwenyewe kwenye uzio wa shule, asubuhi hii amekitoa, na ameniagiza nikusomee wewe, dada, matokeo: ni cheupe. Pumzika kwa amani, dada, dirisha tumeliacha wazi.