Muhuri Juu ya Kioo

Monique alikuwa kwenye gari la abiria akipeleka vitenge Arua, na habari za watu hazikumhusu. Lakini tangu gari liondoke Koboko, Ocama, mgombea wa uenyekiti wa soko, alikuwa akilalamika kwa sauti ya kampeni. Alikuwa ameandika mtandaoni kwamba atajenga choo cha soko. Mtu akageuza maneno yake, ikasomeka atafunga choo, na kura ilikuwa Jumamosi.

“Mzee, ungeweka alama ya saa,” alisema Jovia, fundi wa kompyuta aliyekaa kando ya Ocama. “Maneno yako inageuka namba, namba inafungwa pamoja na saa. Mutu akigusa herufi moja, namba inakataa.”

“Hiyo namba iko na sahihi ya nani?”

“Ya mutu hapana. Ni hesabu tu.”

“Basi mimi nilipeleka maneno yangu kwa mwenyekiti wa kijiji, akagonga muhuri.”

Ocama akatoa simu. Katikati ya kioo palikuwa na muhuri wa wino wa zambarau, na tarehe yake.

Simu ikatetemeka. Ile habari ya kufunga choo ilikuwa imetumwa tena, ikatulia sawasawa chini ya muhuri. Monique aliisoma mara mbili. Kwa muhuri ule, ilipendeza.

“Sasa hata hii iko halali,” Jovia alisema taratibu.

Ocama alitemea kidole mate, akakisogeza kwenye kioo, kisha akakirudisha.

“Kufuta muhuri ya serikali ni kesi,” alisema, na gari likasimama Arua.