Muuguzi Aliyetaka Kuchanjwa wa Mwisho

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Sauti yangu leo ni nzito, mniwie radhi. Habari yenyewe bado haijaniingia akilini. Kipaza amefariki dunia. Narudia: Kipaza, muuguzi na mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi wa hospitali, hatunaye tena.

Jina hilo alibandikwa na wenzake. Alikuwa mfupi, lakini akiita mtu kutoka wodini, hata mlinzi wa getini anaitika. Mumewe, fundi viatu, alizoea kumtania: "Mke wangu, nong'ona basi, majirani wamelala." Naye hujibu, "Huku ndiko kunong'ona kwangu."

Ugonjwa wa mapafu ulipoenea, uongozi wa hospitali ulibandika tangazo kantini. Kila mfanyakazi achanjwe. Asiyechanjwa, hana kazi. Kantini ikawaka moto. Dobi wa hospitali, mama mjane, akalia mbele za watu: "Sindano naiogopa, na njaa naiogopa. Nishike lipi?"

Kipaza akapanda juu ya benchi. Sikilizeni vizuri, wapendwa, maana wengi wamempakazia. Hakuipinga chanjo. Alisema, "Chanjo ni kinga. Nimewachanja watoto wenu kwa mikono hii. Lakini mtu haelimishwi kwa kutishwa. Mwenye hofu akae na daktari, apewe muda, apangiwe kazi mbali na wagonjwa. Asifukuzwe mtu!"

Kisha akaongeza neno ambalo mumewe hataki kulisikia tena. "Na mimi nitachanjwa wa mwisho. Nikichanjwa leo, wataniambia: wewe umeshajiokoa, kelele za nini?"

Watu wakapiga makofi.

Kipaza hakuwa mtu wa kusema bila kutenda. Alijitoa wodini mwenyewe, akahamia stoo ya vifaa, asije akamwambukiza mgonjwa. Mumewe hakuridhika. "Mama watoto, chanjwa kwanza, uwatetee baadaye."

"Vumilia kidogo, baba watoto. Mazungumzo na uongozi yamefika ukingoni."

Na kweli, yalifika. Uongozi ulikubali masharti yote ya chama. Lakini siku ya kutia sahihi, mwenyekiti hakuwapo. Alikuwa amewaambia wenzake ana mafua tu. Katibu wa chama akampigia simu kwa furaha. Aliyepokea ni mume.

"Shemeji, mpe Kipaza simu! Tumeshinda!"

"Hawezi kuongea," mume akasema. "Tuko hospitali ya jirani. Anapumulia mashine."

Katibu anasema alikaa sakafuni pale pale koridoni. Aliupatia wapi ugonjwa? Stoo? Sokoni? Kwenye chumba cha mazungumzo? Hakuna ajuaye. Ninachojua ni hiki: hajafukuzwa mfanyakazi hata mmoja, na Kipaza amekufa kabla ya kuchanjwa.

Msibani, fundi viatu alimtazama katibu machoni. "Shemeji, aliposema atakuwa wa mwisho, hamkuwa na hata mmoja wa kumwambia hapana?"

"Hatukuwa na hata mmoja, shemeji," katibu akajibu. "Tulishangilia."

Watu waliokuwapo wanasema hata wapishi waliacha kukoroga sufuria. Kisha mume akamsogezea katibu kiti, akamwambia, "Kaa."

Dobi naye alikuwapo. Alikuwa ameshazungumza na daktari, akauliza yote yaliyomtisha, akachanjwa kwa hiari. "Nilitaka yeye ndiye awe wa kwanza kuambiwa," alisema, kisha akajifunika uso kwa kanga.

Wasikilizaji wapendwa, sina la kuwafariji zaidi ya pole. Pole baba watoto. Pole wanawe. Pole wauguzi, madobi na wafagizi wa hospitali ile. Mungu ampumzishe mahali pema.

Nasi tuliobaki tujiulize. Pengine kazini kwako yupo mtu wa namna hii, anayetangulia kuwasemea wengine. Usimpigie makofi ukaondoka. Mshike mkono leo, umuulize: "Na wewe mwenyewe, je?"