Mkono Kwenye Jeki

Ijumaa hii, tarehe thelathini, fundi mkuu wa karakana yetu ya Idara ya Maji anavua ovaroli baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Sote tunamwita Baba Mdogo, hata wahasibu wa ghorofani wasiojua jina hilo lilitoka wapi. Nimeombwa nisiligusie suala hilo siku ya sherehe ya kumuaga. Nitaligusia.

Aliajiriwa pamoja na kaka yake. Kaka ndiye aliyekuwa msemaji. Mdogo aliguna tu. Sifa yao ilikuwa shokapu za pikapu, zile zinazozuia gari lisirukeruke. Pikapu zetu hubeba mabomba kwenye njia za makorongo, na shokapu hufa kama kuku wa kideri. Kaka alilala upande wa kulia, mdogo kushoto, na hawakubadilisha moja wakaiacha nyingine. Walisema ya kulia ikifa, ya kushoto iko mahututi.

Madereva wanamjua kwa mtindo wake. Hulibonyeza gari pembeni kwa uzito wake wote, kisha huliachia. Likipanda na kutulia, nenda zako. Likiendelea kunesa, atakwambia gari lako linacheza ngoma na harusi hakuna, na ufunguo utaingia mfukoni mwake. Meneja mmoja mwenye haraka aliufuata ufunguo huo hadi mlangoni mwa choo, akaondoka kwa miguu.

Ukali huo hakuzaliwa nao. Mwaka wake wa tisa kazini, pikapu moja ilitakiwa itoke kabla ya adhuhuri. Stendi za chuma za kushikilia gari zilikuwa zimeazimwa na kikosi cha mabomba, na wakubwa wakasema jeki inatosha. Mdogo alimaliza upande wake, akaja kwangu stoo kutafuta nati. Jeki ikateleza, na kaka bado alikuwa chini ya gari. Tuliusikia mshindo huo pamoja, mimi na yeye.

Idara ilitoa jeneza na rambirambi. Stendi mpya zilikuja mwaka uliofuata. Naandika hivi kwa hasira, na mhariri wa jarida letu la Idara asiipunguze.

Marehemu aliacha binti mdogo. Baba Mdogo alimlea na kumsomesha, akimwomba Mungu binti huyo awe mwalimu. Binti akasomea magari, akaajiriwa hapahapa, na kwa kumwita Baba Mdogo mbele yetu, akatuambukiza sote jina hilo. Alipewa betri, taa na plagi. Chini ya gari, hapana. Baba Mdogo alimwambia wazi kwamba hatamzika kaka yake mara ya pili. Sisi tulimtania binti kuwa ni fundi wa boneti, naye hakucheka. Alijua mzee akiondoka bila kumfundisha, kazi ya baba yake itaishia hapo.

Wiki iliyopita pikapu ya mabomba ikaja inacheza ngoma. Nati ya chini ilikuwa imeshikwa na kutu, na bega la Baba Mdogo, hilo linalomstaafisha, likakataa. Alitoka akakaa sakafuni, sote tukajifanya tuna kazi. Kisha akaongeza gogo kando ya stendi, akalitikisa gari, akalala tena chini yake kulijaribu. Alipotoka, akampa binti spana.

Binti aliilegeza nati, akafunga shokapu mpya ya kulia, akahamia kushoto. Muda wote huo mzee alisimama ameshika mpini wa jeki, ingawa jeki haikuwa imebeba kitu. Gari lilikuwa juu ya stendi. Hakuna aliyemwambia aachie.

Binti akatoka, uso umejaa grisi, akalibonyeza gari. Likapanda, likatulia. Vidole vya mzee vilikuwa vimekakamaa kwenye mpini, na binti alivikunjua kimoja kimoja.

Baba Mdogo, ahsante kwa kila dereva aliyefika nyumbani salama huku akikulaani. Kapumzishe bega, na Mungu akupe miaka mingi ya usingizi mzuri. Stendi haziazimwi tena. Tumezifungia kabatini, na ufunguo uko mfukoni mwa mwanao.